Jibu la Lorna

Katika mji wa Tarrant Mills, huko Vermont, mtu aliweza kusamehewa mengi. Aliweza kusamehewa kuegesha gari mbele ya lango la zimamoto, kuuza sharubati ya utomvu wa mti wa mepo iliyotiwa maji, hata kukipigia kura chama ambacho babu yake hakukipigia. Lakini mtu aliyezaliwa hapo, akasoma hapo, akafundisha hapo, kisha akakaribia miaka sabini bila kuitazama filamu ya *Krismasi Kituoni Juniper* hata mara moja, huyo alihesabiwa kuwa na kilema ambacho adabu ilikataza kukitaja mbele ya wageni.

Mtu huyo alikuwa Ellsworth Tuttle.

Aliingia Shule ya Bweni ya Whitcomb, juu ya kilima, akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, na ni kama hakutoka tena. Alisoma humo, akarudi kufundisha Kilatini humo, akawa mwalimu mkuu wa shule hiyo kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuamka kwa kengele ya Whitcomb, ambayo upepo ukiwa mzuri ilisikika mpaka chumbani kwake. Alitandika kitanda chake kabla ya kunywa kahawa. Alivaa skafu ya shule, ya buluu na kijivu, kuanzia siku ya kwanza ya Novemba hadi ya mwisho ya Machi, baridi iwepo isiwepo. Aliamini kwamba mtu mwenye neno la maana hulisema mara moja, kwa sauti ya wastani, na kwamba mwenye adabu humngoja amalize.

Ndiyo sababu hakuwahi kwenda kuitazama filamu ile. Filamu yenyewe hakuwa na ugomvi nayo, maana hakuijua. Ugomvi wake ulikuwa na watazamaji.

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, saa nane mchana, mji mzima ulijaa katika sinema ya Laframboise kwa ajili ya filamu ile ya kale ya nyimbo, ya treni iliyokwama thelujini na abiria wake wanaoimba wakati wa kungoja. Lakini si kwamba watu waliitazama, walipigana nayo. Walikuja na kengele za ng'ombe, filimbi, funguo za kutikisa, na mifuko ya karatasi zilizokatwakatwa kuwa theluji. Shangazi mbaya wa Lorna akitokea, walizomea. Treni ikikwama, wanaume wote walisimama wakaegemea viti vya mbele na kupiga kelele, "Sukumaaa!" Na Luteni Jack alipopiga goti kwenye jukwaa la kituo na kumwomba Lorna awe mke wake, ukumbi wote uliinuka kwa pamoja na kumjibu kwa niaba ya Lorna, "Ndiyooo!" Kengele zikalia, theluji ya karatasi ikarushwa hadi darini, na ghasia haikutulia mpaka Luteni alipokuwa katikati ya wimbo wake wa mwisho, uso umemjaa furaha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka arobaini.

Mwaka ule, Ellsworth Tuttle alikata tikiti.

Sababu ilikuwa Corinne Laframboise, mjane mwenye sinema. Tangu mumewe Armand afariki, Corinne ndiye aliyekuwa akiuza tikiti, akikaanga bisi, kisha akipanda ngazi kwenda kuuendesha mtambo katika kijichumba cha juu, alikokaa peke yake nyuma ya dirisha dogo, na spika ndogo kama bakuli la supu ukutani karibu na sikio lake. Kwa miaka mitatu yeye na Ellsworth walikuwa wameketi benchi moja kanisani, na kila Jumapili baada ya ibada walikunywa kahawa na kubishana. Ellsworth aligundua kwamba kuanzia Jumatatu alikuwa akikusanya hoja za Jumapili inayofuata. Akalipima jambo hilo kama alivyopima kila jambo, akaliona lina maana moja tu.

Basi siku ya Sikukuu ya Shukrani, alipoalikwa kwa Corinne, aliposa. Alifanya hivyo jikoni, wima, mikono nyuma, huku Corinne akinyambua nyama ya mabaki ya bata mzinga kwa ajili ya supu.

"Corinne," alisema, "nimelitafakari suala la hali yako na hali yangu kwa muda wa kutosha. Sioni kikwazo cha msingi. Ningependa tuoane, ikiwezekana kabla ya Pasaka."

Corinne aliendelea kunyambua. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umesema kama unayetangaza kubadilishwa kwa saa za chakula cha jioni."

"Nimejitahidi kueleweka."

"Umeeleweka, Bwana Tuttle. Hilo halina ubishi." Alipomwita Bwana Tuttle, mtu alipaswa kujihadhari. Akanawa mikono, akaipangusa polepole. "Nitakujibu kama Lorna anavyomjibu Luteni Jack. Neno kwa neno. Njoo Jumamosi ile, ukae safu ya mbele, usikilize."

"Kwa nini usinijibu hapa?"

"Kwa sababu hapa nina supu."

Kesho yake asubuhi Ellsworth aliingia katika duka la vifaa la Gus Pelkey, akajifanya anatazama misumari. Gus alikuwa mwanafunzi wake zamani, mtu mnene mwenye kicheko cha ngoma, na ndiye aliyekuwa jemadari wa kelele zote za Jumamosi ile.

"Pelkey," alisema Ellsworth. "Katika filamu yenu. Yule binti, Lorna. Luteni anapomposa, humjibuje?"

Gus aliweka nyundo chini. "Mwalimu, hata ng'ombe wa mji huu wanajua. Anasema ndiyo!"

"Una hakika?"

"Mimi mwenyewe humsaidia kusema kila mwaka! Kwani vipi, Mwalimu? Unaumwa?"

"Sina neno. Nipe misumari kumi."

"Ya kazi gani?"

Ellsworth hakuwa amelifikiria hilo. "Ya jumla," alisema, akatoka na misumari ya jumla, na hatua zake barabarani zilikuwa nyepesi kuliko mwenendo wake wa kawaida. Hakumwambia mtu yeyote. Gus naye hakumwambia mtu yeyote ila mkewe, na mpaka jioni mji ulikuwa umekwisha chagua keki ya harusi.

Jumamosi ilipowadia, Ellsworth alivaa suti ya kijivu, akafunga skafu ya shule, akaketi katikati ya safu ya mbele, mgongo haugusi kiti. Gus aliketi nyuma yake hasa, na kengele ya ng'ombe ukubwa wa ndoo.

"Karibu vitani, Mwalimu! Hukuleta hata filimbi?"

"Nimeleta masikio."

"Hayo utayajutia. Haya, chukua theluji kidogo."

"Na baadaye nani huzoa uchafu huu wote?"

"Mwenye nyumba. Hapa mgeni haruhusiwi kugusa ufagio, ndiyo desturi ya Laframboise toka zamani: anayefagia theluji ni wa nyumbani." Gus aliinama akapunguza sauti, jambo lililokuwa adimu kwake. "Ule ufagio wa marehemu Armand unaning'inia pale mlangoni mpaka leo. Mwaka juzi nilijaribu kuushika nimsaidie Corinne. Aliuchukua mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Sijarudia."

Taa zikazimwa, na ghasia ikaanza. Walimzomea shangazi, wakamzomea mbwa wa shangazi. Waliimba pamoja na wapishi wa treni, kila mtu kwa tuni yake. Ellsworth, ambaye mara ya mwisho kusikia fujo ya kiasi kile ilikuwa siku bomba la bwenini lilipopasuka, alijishikilia kwa kunyambulisha vitenzi vya Kilatini kimoyomoyo. Alipofika katika vile visivyo vya kawaida, treni ilikwama. "Sukumaaa!" Kiti chake kikasukumwa kwa magoti mawili ya Gus Pelkey, na kofia yake ikaenda chini.

Alivumilia. Hakuja kwa starehe. Alikuja kupokea jibu, na jibu alikuwa nalo tayari mfukoni pamoja na pete. Alichotaka ni jambo moja dogo tu, ambalo aliliona kuwa haki ya mwanamume yeyote: kulisikia.

Luteni Jack akatokea kwenye jukwaa la kituo, theluji mabegani. Lorna akageuka. Ellsworth akajisogeza mbele. Luteni akapiga goti, akasema, "Lorna, nimelifikiria jambo hili safari nzima, na sioni kwa nini wewe na mimi tusioane," na Ellsworth akaona kwamba kijana yule, licha ya nywele zake, alikuwa mtu wa busara. Lorna akafumbua mdomo.

Hapo ndipo Gus alipommiminia mfuko mzima wa theluji ndani ya ukosi wa shati na kuipiga kengele inchi chache kutoka sikio lake.

Ellsworth Tuttle alisimama, akaugeukia ukumbi.

"KIMYA!"

Hakulipanga neno lile. Lilitoka lenyewe, kutoka mahali lilikokuwa limehifadhiwa, na lilitoka lote: neno lilelile ambalo kwa miaka thelathini lilisimamisha vijiko mia nne hewani katika bwalo la Whitcomb. Nusu ya wanaume waliokuwamo ukumbini walikuwa wavulana wake. Gus Pelkey aliushika ulimi wa kengele kwa vidole. Hakimu wa wilaya alivua kofia. Mkuu wa zimamoto aliutema ubani wake wa kutafuna kiganjani akaufumba. Wanawake, walipoona waume zao wamekaa wima namna ambayo hawakuwahi kuwaona wakikaa mezani, nao walinyamaza kwa mshangao.

Na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini, Lorna alisikika.

"Hapana, Jack," alisema Lorna, kwa sauti ya upole kabisa. "Siyo hivyo. Umeniuliza kama mtu anayeuliza treni ya saa ngapi. Sisi nyumbani kwetu tunaimba, Jack, kwa vizuri na kwa vibaya, na siwezi kwenda kuishi palipo kimya. Niulize tena, na safari hii uimbe. Nikikusikia, ndipo nitakapojua."

Luteni Jack akainuka, akavuta pumzi, na kabla hajatoa sauti ya kwanza, picha ikasimama. Taa zikawaka. Kule juu, dirisha dogo la chumba cha mtambo lilifunguliwa, na uso wa Corinne ukatokea.

Hakuna aliyemtazama mara moja. Mji ulikuwa na msiba wake.

"Amesema hapana?" aliuliza hakimu.

"Amesema hapana!"

"Miaka arobaini! Kumbe yule bwana haimbi kwa furaha ya kukubaliwa. Anaimba ili akubaliwe!"

"Harold," alisema Verna Stiles, mpiga kinanda wa kanisa, akimgeukia mumewe taratibu, "si wewe uliniposa hapa hapa, kwenye kiti hiki, wakati wa kelele zile?"

"Nilikuposa, mpenzi."

"Na uliimba?"

"Verna, hakuna aliyejua."

"Sikuulizi walijua nini. Nakuuliza uliimba?"

"Ndugu zangu," alisema Gus kwa huzuni, "tumemwozesha binti wa watu kwa nguvu, kila mwaka."

Ndipo vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kwanza juu dirishani, kisha mbele, kwa mtu aliyesimama peke yake na karatasi zikimtoka mgongoni.

"Umesikia, Bwana Tuttle?" aliuliza Corinne.

"Nimesikia."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Basi jibu langu ndilo hilo. Mimi nalisikia kila mwaka kwenye hii spika yangu. Nilidhani ningehitaji kuja kukunong'oneza baadaye. Sikujua kwamba ungewanyamazisha watu wote mwenyewe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ellsworth aliona wazi kwamba kama angeketi tu akakubali kumwagiwa karatasi kama watu wengine, saa ile angekuwa mchumba wa mtu, kwa kauli ya mashahidi mia tatu. Lakini jambo lililomtisha lilikuwa jingine. Ellsworth Tuttle hakuimba. Alipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wa kwaya alimsikiliza kwa dakika moja, akamwekea mkono begani na kumwambia, "Tuttle, wewe fumbua mdomo tu. Sauti mwachie Mungu." Naye, akiwa mtiifu, alifumbua mdomo tu kwa miaka hamsini na mitano: katika sala za asubuhi, katika mahafali, katika mazishi, na kanisani, kwenye benchi moja na Corinne.

"Miaka mitatu nakaa nawe," alisema Corinne, na sasa hakuwa akitania. "Nakuona midomo inakwenda, sikusikii. Armand aliimba kama jogoo aliyekanyagwa, bafuni, kwenye ngazi, akifunga viatu. Mimi nina kelele siku moja tu kwa mwaka, Ellsworth. Siku nyingine zote ile nyumba ni kaburi. Sitaki kuongeza wa pili wa kukaa kimya humo."

Mlango wa pembeni ulikuwa hatua chache tu. Angeweza kuinama kidogo, kama afanyavyo mtu aliyekataliwa kwa heshima, akaokota kofia yake na kutoka. Wangempisha. Lakini alikuwa amewafundisha wavulana wale kwamba aliyeomba jibu halikimbii, na wote walikuwapo, wamekaa wima, wanatazama kama somo lile lilikuwa la kweli au la ubaoni tu.

Akakivuta kizibao chake chini. Akaikaza skafu. Akauinua uso dirishani, akafumbua mdomo, na mara hii hakumwachia Mungu kitu.

Wimbo pekee aliojua maneno yake yote ulikuwa wimbo wa shule.

Nani ataielezea sauti ile? Ilianza chini, kama kabati linaloburutwa sakafuni, ikapanda pale ambapo wimbo hushuka, ikapotea, ikarudi kwa tuni nyingine. Kwa noti ya kwanza, wavulana wote wa Whitcomb waliinuka kama mtu mmoja, mikono ubavuni, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Lakini hawakumsaidia kuimba. Walikuwa wameambiwa kimya, na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Walisimama wakimtazama mwalimu wao akizama peke yake, machozi yakiwatiririka, na wengine walikuwa wameuma skafu zao.

Ubeti wa kwanza wa wimbo wa Whitcomb unaisifu baridi, kwa kuwa hukaza nia. Wa pili unausifu mto. Wa tatu unawashukuru, kwa majina, waliotoa fedha za kuezeka paa la kanisa la shule. Mtu mwingine angeishia wa kwanza. Ellsworth hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Alivuka baridi, akavuka mto, akaingia katika orodha ya wafadhili na kumtaja kila mmoja wao, macho hayabanduki kwenye lile dirisha dogo, kwa hisia ambazo familia zile hazijawahi kuimbiwa tangu paa lilipoezekwa.

Alipomaliza alikuwa mwekundu kama kitunguu cha saladi. "Corinne," alisema, akihema. "Ndiyo hivyo. Nimekuuliza tena."

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia bisi zikipoa. Corinne alijipangusa macho kwa upande wa kiganja. Alikuwa akicheka, au alikuwa akilia; kwa umbali ule haikujulikana. Akainama mbele.

Nyuma ya Ellsworth, Gus Pelkey aliinua mkono. Aliuinua kama alivyofundishwa, wima, kiwiko kimenyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hawezi tena kuvumilia.

Sasa, kwa miaka thelathini, mvulana aliyeinua mkono kwa uso wa namna ile alikuwa na haja moja tu, na mwalimu mwenye huruma hakumchelewesha. Ellsworth alimwona kwa pembe ya jicho, wala hakugeuka.

"Ruhusa, Pelkey," alisema.

"NDIYOOO!" aliunguruma Gus, na mia tatu wakaunguruma pamoja naye.

Kengele zililia, filimbi zikapasua hewa, na theluji yote iliyobaki mjini ikarushwa kwa mkupuo. Katikati ya tufani ile Ellsworth aliiona midomo ya Corinne ikisogea. Iliendelea kusogea kwa kitambo. Ilikuwa zaidi ya neno moja. Hakusikia hata silabi. Alivuta pumzi ili aseme lile neno lake, lile moja ambalo lingewatuliza wote. Kinywa kikamjaa karatasi, akakifumba. Alipokwisha kuzitema aliona nyuso za wavulana wake wenye mvi, akaona Verna Stiles amemshika Harold masikio na Harold anajaribu kuimba, na neno lile, sijui kwa nini, hakulitafuta tena. Corinne aliurudia mtambo wake, Luteni Jack naye akamalizia alichokuwa amekianza, bila ya mtu kumsikiliza.

Watu walipokwisha kutoka, wakimpiga mabegani na kumwita majina ambayo wasingethubutu kumwita asubuhi, Ellsworth alibaki amekaa safu ya mbele, kofia magotini. Hakujua hali yake. Alikuwa mtu aliyeposa mara mbili na kujibiwa mara mbili, na hakuwa na jibu.

Corinne aliteremka ngazi, akaja mpaka mbele yake.

"Sikusikia ulichosema," alisema Ellsworth.

"Najua. Kulikuwa na kelele."

"Mimi ndiye niliyeiruhusu."

"Nilikuona."

"Basi ulisema nini?"

Corinne aligeuka. Alikwenda mlangoni, akarudi na fagio mbili. Ule mpya akauegemeza kwenye bega lake mwenyewe. Mwingine, wenye mpini mweusi uliolainishwa na mikono ya mtu, akamnyooshea.

Ellsworth aliutazama. Akavua skafu ya shule, ingawa Machi ilikuwa mbali, akaitundika juu ya kiti, akaupokea ufagio kwa mikono miwili.

"Anzia hapo ulipokaa," alisema Corinne. "Theluji nyingi iko kwako." Akafagia kidogo, akasimama. "Na usinifagilie kimya."

Ellsworth aliwaza. "Ule wa wafadhili?"

"Wowote. Lakini huo umenichosha."

Akasafisha koo, akaanza na ule wa mto.